Indiketa ya gari inazingua? Isome kwanza kabla hujanunua flasha

Juzi dada mmoja kaniletea Toyota IST yake, indiketa ya kushoto inakimbia, yani inakonyeza haraka kupita kawaida, mpaka sauti yake inakera, kulia iko sawa. Alishabadilishiwa flasha (kile kidude kinachofanya taa zikonyeze) mara mbili kabla hajafika kwangu, zote kalipia na zote zilikuwa nzima kabisa. Tatizo lilikuwa kwenye holda (pale globu inapokaa) ya taa ya nyuma kushoto, kutu ya kijani imekula tamino, yani kile chuma kinachopitisha umeme, nikapiga msasa, nikaikaza, dakika kumi kazi imeisha. Simlaumu sana aliyebadilisha maana wengi tumefundishwa hivyo hivyo, indiketa ikizingua shika flasha. Lakini mimi nafanya umeme wa magari huku Tanga, upepo wa bahari na chumvi yake, na nawaambia ukweli kwamba magari mengi yanayoingia na shida ya indiketa flasha yake haina kosa lolote. Ni globu, ni kutu, ni ethi (njia ya umeme kurudi betri, nitaieleza).

Na hii kitu msiichukulie poa. Unakata kulia kuingia mtaani, indiketa ya nyuma haiwaki, bodaboda anakupita kulia kwako hajui chochote, hapo anakufa mtu. Barabara kuu ndo usiseme, wenye malori wanaongea na sisi kwa indiketa, akikuwashia ya kushoto maana yake pita, akiwasha ya kulia maana yake tulia kuna gari linakuja, sasa kama globu moja imekufa yule wa nyuma anabaki anabahatisha. Kwa hiyo twende taratibu, kazi hii mtu yeyote mwenye utulivu anaiweza nyumbani kwake.

Kwanza uelewe njia ya umeme wenyewe, bila hiyo utabaki kuchomoa chomoa tu. Umeme unatoka betri, unapita kwenye fyuzi, unaenda kwenye swichi ya hazadi (ile inayokonyeza taa zote za pande mbili kwa pamoja) na flasha, kisha kwenye mkono wa indiketa pale kwenye usukani, mkono ndo unaamua uende kushoto au kulia, unafika kwenye globu, na kutoka kwenye globu lazima urudi betri kupitia bodi ya gari, ndo hiyo tunaita ethi. Ule upande wa kurudi watu wanausahau kila siku. Upande mmoja wa gari kwa kawaida una globu tatu, ya mbele wati 21, ya nyuma wati 21 na ile ndogo ya ubavuni wati 5. Jumla wati 47, ukigawa kwa volti 12 unapata karibu ampia 4. Hiyo ampia 4 ikumbuke, nitairudia.

Vifaa: testa ya globu (ile yenye ncha na waya wenye kibanio, iwe na globu ya kweli, sio ya LED), mita ya dijitali hata ya bei ya chini, bisibisi, msasa laini, globu moja mpya ya wati 21 na fyuzi za akiba. Basi.

Hatua ya kwanza: kaa kwenye gari uisome

Usifungue kitu. Washa swichi ya funguo bila kuwasha injini, weka indiketa kushoto, shuka uzunguke gari uangalie globu zote tatu, rudi weka kulia, zunguka tena, kisha washa hazadi uzunguke mara ya tatu. Andika kwenye simu ulichokiona. Watu wanaruka hapa wanaona kama ni kupoteza muda, na hapa ndipo jibu lilipo mara nyingi.

Upande mmoja unakimbia na mwingine uko sawa: globu ya upande huo imekufa au haipati umeme vizuri. Flasha inasikia mzigo umepungua, badala ya ampia 4 inaona 2 hivi, inaongeza kasi makusudi ili ujue kuna globu imekata. Yani flasha inafanya kazi yake, inakupa taarifa, halafu wewe unaenda kuitupa! Kasi ya kawaida ni mikonyezo 60 mpaka 120 kwa dakika, ihesabu kwa saa kama huna uhakika. Angalizo: magari ya zamani sana yenye flasha ya joto, ile yenye kibati kinachopinda kikipata moto, hayo ni kinyume, globu ikikata indiketa inakuwa nzito au inaganda inawaka tu bila kukonyeza.

Upande mmoja umekufa kabisa lakini ukiwasha hazadi pande zote zinakonyeza vizuri: globu ni nzima, flasha ni nzima, waya za kwenda kwenye taa ni nzima. Kilichobaki ni mkono wa indiketa au waya wake, maana hazadi haipitii pale. Umeona? Hujafungua hata skrubu moja na umeshaondoa robo tatu ya gari kwenye orodha ya washukiwa.

Indiketa pande zote hazifanyi ila hazadi inafanya: angalia fyuzi inayopata umeme kupitia swichi ya funguo, au swichi yenyewe ya hazadi, kwenye magari mengi ya Japani umeme wa indiketa unapita ndani yake na kontakti (vyuma vya ndani vinavyogusana) zikichoka zinakata. Kinyume chake, hazadi imekufa na indiketa ziko poa, ni fyuzi ya hazadi au swichi hiyo hiyo. Hakuna kinachofanya kazi kabisa, hapo sasa flasha inaingia kwenye mazungumzo. Na kama nje taa zote zinakonyeza ila kimshale cha dashibodi hakiwaki, basi ni kiglobu cha dashibodi tu, gari lina usalama wake, utakitengeneza siku ukitulia.

Hatua ya pili: globu

Toa globu ya upande unaosumbua, iangalie juani. Waya wa ndani umekatika, au kioo kimekuwa cheusi au cha fedha, badilisha. Lakini usiamini macho peke yake, unakuta waya umekatika pale chini unapoingia kwenye shina, huoni kitu. Weka mita kwenye ohmu, globu nzima ya wati 21 ikiwa ya baridi inasoma kidogo sana, ohmu moja au chini yake, iliyokufa haisomi chochote. Njia rahisi zaidi, hamisha globu ya kulia weka kushoto, tatizo likihama na globu umemaliza.

Ukinunua mpya nunua ya wati ile ile. Nimeona watu wanaweka ya wati 5 kwenye nafasi ya 21 kwa sababu imeingia, halafu wanashangaa indiketa inakimbia. Na kama kioo cha taa ni cheupe globu lazima iwe ya njano, hizo globu za njano za duara zenye vijino viwili, vijino vyake havitazamani sawasawa, vimesogea kidogo, makusudi ili usiweke nyeupe. Watu wanasaga kijino kwa tupa ili iingie, tafadhali msifanye hivyo, inakaa inacheza ndani ya holda na utarudi palepale.

Hatua ya tatu: holda na ethi, hapa kaa sana

Globu nzima, bado haiwaki. Chungulia ndani ya holda. Ukiona unga wa kijani au mweupe, ndo adui mwenyewe. Maji yanaingia kwenye taa za nyuma kupitia mpira uliochakaa, masika yakipita tu wateja wanaanza kuja, na sisi wa pwani hata bila mvua chumvi inatosha. Safisha kwa msasa mpaka uone chuma kinang'aa, spirei ya kusafishia tamino ukiwa nayo ipulizie, vikunjo vya holda vilivyolegea vibane kidogo vishike globu, paka grisi kidogo sana kuzuia maji. Kama plastiki imeyeyuka kwa moto usihangaike, tafuta holda nyingine kwenye spea za mtumba.

Sasa ethi. Dalili zake zinachanganya sana mpaka mtu anadhani gari limerogwa: ukikanyaga breki indiketa inaacha kukonyeza, au ukiwasha taa za usiku indiketa inaanza kukimbia, au ukiweka indiketa unaona taa ndogo ya nyuma nayo inapumua pamoja nayo. Hakuna uchawi hapo. Globu zote za kwenye taa moja ya nyuma zinatumia waya mmoja wa ethi, waya huo ukiwa na kutu umeme unakosa njia ya kurudi, unatafuta njia nyingine kupitia globu ya jirani, ndo maana zinawaka nusu nusu na zinasumbuana. Mtu anabadilisha flasha, swichi ya breki, mpaka mkono wa indiketa, kumbe ni skrubu moja iliyooza ndani ya buti.

Kuipima: weka mita kwenye volti, waya mweusi wa mita uguse negativu ya betri (waya hautafika, ongeza waya mrefu), waya mwekundu uguse tamino ya ethi ya holda, globu ikiwa ndani na indiketa inafanya kazi. Ethi nzuri inasoma karibu sifuri, 0.1 au 0.2 hivi. Ukiona namba inaruka kufika volti 1, 3, au zaidi kila taa inapotaka kuwaka, ethi imekufa. Kama mita huna, chukua waya, upande mmoja shika kwenye chuma safi cha bodi au negativu ya betri, mwingine gusa ethi ya holda, taa ikipona papo hapo jibu umelipata. Fuata waya mpaka ulipofungwa kwenye bodi, fungua, kwangua rangi na kutu mpaka chuma cheupe, funga kwa nguvu, paka grisi. Ukishindwa kuufikia, funga waya mpya wa ethi karibu na taa, hiyo ni dawa halali kabisa sio ya kuungaunga.

Niseme kitu kuhusu mita ya dijitali maana imewadanganya wengi, na mimi imeshanipotezea siku nzima kwenye Noah moja. Ukichomoa globu ukapima kwenye holda mita itakuonyesha volti 12 safi hata kama waya umebakiwa na unywele mmoja, kwa sababu mita yenyewe haili umeme. Ukirudisha globu inayotaka karibu ampia 2 ule unywele haubebi, volti zinaporomoka. Kwa hiyo pima siku zote globu ikiwa ndani inafanya kazi, au tumia testa ya globu ya kweli ambayo nayo inakula umeme kidogo. Ile ya LED inawaka na umeme wa kuungaunga nayo, ndo maana nimeikataa pale juu.

Hatua ya nne: fyuzi

Kwenye Toyota tafuta maandishi TURN, HAZ au TURN-HAZ kwenye boksi la fyuzi, chini ya dashibodi au kwenye boneti, inategemea modeli, mchoro uko kwenye mfuniko. Usiitoe na kuitazama tu, iguse kwa testa pande zote mbili juu pale kwenye vitundu viwili vidogo ikiwa mahali pake, testa iwake kote kote. Ikiwaka upande mmoja tu, imekata. Rudisha ya ampia zile zile, nyekundu ni 10, bluu ni 15. Kuna watu wanaweka ya njano ya 20 au wanazungushia kipande cha waya ili "isikate tena", jamani waya utawaka badala ya fyuzi na gari litaungua nawe uko ndani.

Ikikata tena hapo hapo, una shoti, yani waya wa umeme unagusa bodi mahali fulani, ruka chini kule kwenye sehemu ya waya, shoti na alamu.

Hatua ya tano: sasa flasha

Kama umefika hapa na hakuna upande wowote unaowaka, indiketa wala hazadi, na fyuzi nzima, tafuta flasha. Fuata sauti ya tiki tiki siku inapofanya kazi, mara nyingi iko chini ya dashibodi karibu na boksi la fyuzi. Kuna aina mbili utakazokutana nazo sana. Ya miguu mitatu, yenye alama B, L na E: B ni umeme unaoingia, L unaotoka kwenda kwenye taa, E ni ethi. Ichomoe, pima B kwa testa swichi ikiwa on, iwake. Kisha unganisha B na L kwa kipande cha waya, weka indiketa kushoto, taa za kushoto zote ziwake moja kwa moja bila kukonyeza, kulia hivyo hivyo. Zikiwaka, waya na swichi ni vizima na flasha ndo imekufa, nunua sasa kwa roho safi. Zisipowaka flasha mpya haitasaidia kitu. Ila kabla hujainunua hakikisha E ina ethi, flasha ya kielektroniki bila ethi haikonyezi.

Aina ya pili ina miguu minane, ipo kwenye Toyota nyingi za kuanzia miaka ya 2000. Hiyo mkono wa indiketa haubebi umeme wa taa, unaiambia flasha tu kwa kugusa ethi, na flasha yenyewe ndo inatoa umeme kwenda kushoto na kulia kwa miguu tofauti. Hiyo usiiunganishe kwa waya kwa kubahatisha, utaua kitu. Pima umeme unaoingia na ethi yake, vyote vikiwepo na haitoi chochote, jaribu nyingine ya modeli ile ile. Upande mmoja wa flasha hii unaweza kufa peke yake, upande huo ukawa hauwaki hata kwa hazadi, lijue hilo.

Mkono wa indiketa

Ukishaona hazadi nzima na upande mmoja hauwaki, cheza na mkono taratibu, usukume usukume juu chini, ikishika ikaachia basi kontakti zimechoka au zina uchafu. Kufungua kava ya usukani ni skrubu chache tu, lakini humo ndani kuna waya za njano, ni za eabegi, hizo usizipime, usizichome kwa testa, usizichomoe. Toa negativu ya betri usubiri dakika kadhaa kabla hujaingiza mkono. Kama huna uzoefu hii sehemu mpe fundi, mweleze tayari umeshapima nini na nini, hawezi kukuzungusha.

Waya, shoti na alamu

Fyuzi inakata ukiweka kushoto tu? Shoti iko upande wa kushoto. Mbinu ninayoipenda: toa fyuzi, mahali pake unganisha globu ya wati 21 kwa waya mbili. Sasa hakuna kitakachoungua maana globu inazuia umeme. Weka kushoto, globu yako ikitoa mwanga wa nguvu zote shoti ipo, anza kuchomoa kimoja kimoja, taa ya mbele, ya ubavuni, ya nyuma, utakapochomoa chenye shida mwanga unashuka au unazima. Vyote ukichomoa na bado inawaka sana, shoti iko kwenye waya wenyewe katikati. Angalia pale waya unapopita kwenye kona za bati, chini ya plastiki za mlangoni, mahali panya walipolala, na kama taa iko kwenye mlango wa nyuma angalia ule mpira unaopitisha waya, ukifunguliwa na kufungwa kwa miaka waya zinakatika ndani ya mpira na nje huoni kitu.

Na alamu! Karibu kila alamu ya kufungiwa mtaani imeunganishwa kwenye waya za indiketa kushoto na kulia, mara nyingi wamevua waya, wakazungusha, wakapiga tepu. Tepu ikilegea kwa joto waya zinagusana, au rilei (swichi ya umeme) ya ndani ya alamu inaganda, unaweka kushoto zinakonyeza zote nne. Ukiona hivyo chomoa alamu kwanza kabla ya jambo lolote. Maungio ya kuzungusha yote yatoe, yachomelee kwa risasi, yavishe mpira unaonywea kwa joto.

Umeweka LED?

Wengi siku hizi. LED inakula wati 2 au 3, flasha inadhani globu zote zimekufa inaanza kukimbia, hakuna kilichoharibika. Dawa ni flasha ya LED inayoendana na gari lako, au rizista (kifaa kinachokula umeme badala ya globu) ya ohmu 6 wati 50, iungwe sambamba na kila LED. Mimi nashauri flasha kama inapatikana, kwa sababu rizista inakuwa ya moto kweli kweli, lazima ifungwe kwenye bati, kamwe sio juu ya plastiki wala karibu na waya.

Kujaribu mwisho

Usirudishe kava kabla hujafanya hivi: washa injini, washa taa kubwa, mtu akanyage breki, weka indiketa, zunguka nyuma uangalie. Kisha hazadi na breki. Kila kitu kikiwa kimewaka kwa pamoja ndo ethi mbovu inajitokeza, ikikonyeza vizuri hapo bila taa nyingine kupumua, funga. Halafu mwaga maji ya ndoo kwenye taa uliyofungua, subiri nusu saa, chungulia ndani kama kuna jasho kwenye kioo. Kama lipo mpira haujakaa, ufungue uupange upya leo hii hii.